Karatasi Aliyosaini Fundi

Fundi amefariki. Mke wake alinipigia Jumanne asubuhi nikiwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nikishuka kutoka Bluff kwenda mjini, na kwa kuwa taa ilikuwa nyekundu nikapata muda wa kusikia habari yote: presha ilimpanda Jumapili baada ya ibada, Jumatatu wakampa kitanda hospitalini, na Jumanne kabla ya chai alikuwa ametutoka. Taa ikageuka kijani, watu wakavuka wakinipita kushoto na kulia, mimi nikabaki pale pale na simu sikioni ingawa mama wa watu alishakata. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Sitamtaja jina, kwa sababu mjane ameniomba hivyo, lakini wengi mnaosoma safu hii mmeshawahi kumpelekea simu zenu. Kibanda chake kilikuwa Isipingo karibu na kituo cha taxi, kati ya saluni na duka la mablanketi, chembamba hata mteja mmoja akiingia mwingine lazima angoje nje. Kabla hajaifungua simu alikuwa anamtazama mwenye nayo machoni na kuuliza, "Ilianguka ama ililoa? Sema kweli, mimi siko padiri."

Alitoka Uvira, Kongo, akiwa na cheti cha ufundi wa redio na lugha ya Kifaransa, vitu viwili ambavyo Durban haikuvihitaji sana. Akajifunza simu. Kisha akajifunza vipaza sauti vya kanisa, friji, mikrowevu, na kila kitu chenye waya ambacho watu wetu hawana uwezo wa kununua kipya. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye mashine za kamari. Mwenye duka moja la vinywaji upande ule wa kusini alikuwa na mashine sita kwenye chumba cha nyuma, zile za kutia sarafu na kubonyeza picha zizunguke. Ikiharibika moja, anamletea fundi. Fundi mwenyewe hakuwahi kucheza. Alisema mtu aliyeona ndani ya mashine hawezi kuicheza, kama vile mpishi asivyoweza kushangaa kinachotoka jikoni kwake.

Siku moja nilikuwa kibandani kwake nikingojea simu yangu, na mashine moja imelala mezani ikiwa wazi. Akaja mama wa Kirundi anayeuza mitumba kituoni, mcheshi sana, ambaye kila aliyepita pale alimjua. Akaitambua ile mashine kama mtu anavyomtambua adui yake.

"Fundi, usiitengeneze hiyo. Nangoja irudi mwenyewe. Imenikula tangu Jumatatu, sasa imeshiba, leo itatapika."

"Mama, kuja hapa," fundi akamwambia, akamvutia kiti. "Itatapika na nini? Nionyeshe tumbo iko wapi."

Mama akachungulia. Ndani mlikuwa na bamba la kijani lenye vidude vidogo, waya na vumbi.

"Basi ni haka ndiyo kanakula pesa ya mchele?"

"Ni hako. Na hakakujui. Hakajui kama ulikuja Jumatatu, hakajui kama ulipoteza, hakajui kama umechoka. Kila ukibonyeza, kanaanza upya, kama hakajawahi kukuona."

"Eh! Kama mume wangu wa kwanza."

Tulicheka mpaka msusi wa saluni ya jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini fundi hakuliacha somo lake liishie kwenye kicheko. Alichukua kalamu na karatasi, akamweleza yule mama taratibu kwamba mashine haiweki deni la huruma, kwamba kushindwa mara ishirini hakuisogezi mara ya ishirini na moja karibu na ushindi hata kidogo. Alirudia mara tatu, bila kumdharau. Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na kwa wiki mbili hakuonekana kwenye kile chumba cha nyuma. Wiki ya tatu alirudi. Fundi aliponieleza hakukasirika. Alisema tu, "Mwalimu, nilimwonyesha waya. Lakini njaa haiko ndani ya waya."

Nawaelezeni sheria kama ninavyoielewa sasa, maana nilijifunza nikiwa nimechelewa. Nchi hii haijapiga marufuku kila kasino. Yale makubwa ya pwani yana leseni, yanalipa kodi na yana wakaguzi. Kilichokatazwa ni mchezo usio na leseni: mashine katika chumba cha nyuma, kamari za vichochoroni, na kasino la kwenye simu, ambalo sheria ya nchi inalikataza hata kama matangazo yake yanakufuata kila unapofungua mtandao. Ukishinda kwenye kasino la namna hiyo, serikali inaweza kukunyang'anya ulichoshinda. Na sheria haimwangalii mchezaji na mwenye mashine peke yao. Anayeitunza mashine, anayeifungua na kuifunga, naye anatakiwa awe ameandikishwa. Mantiki yake si mbaya: anayeshika bisibisi anaweza kuigeuza mashine ikamwibia mchezaji. Sheria hii iliandikwa kumlinda yule mama wa mitumba. Nasema hivi kwa sababu sitaki mtu afunge gazeti akidhani namlaumu aliyeitunga.

Fundi naye hakuwa mzembe. Alimuuliza mwenye duka kama ana ruhusa, na mwenye duka akamwonyesha karatasi ukutani, ndani ya fremu, yenye nembo na mhuri. Ilikuwa ruhusa ya kuuza vyakula na vinywaji. Fundi aliona mhuri wa serikali, akaridhika, kwa sababu kule tulikotoka mhuri mmoja unatosha kufunika biashara yote, hata na ile ya jirani.

Polisi waliingia Ijumaa mchana. Mwenye duka hakuwepo, na sijawahi kusikia msako uliomkuta mwenye duka. Walikuwepo wachezaji wanne, ambao walitoka kwa mlango wa nyuma, na alikuwepo fundi, amepiga magoti mbele ya mashine iliyo wazi, bisibisi mkononi na kofia yenye taa kichwani. Hakukimbia. Aliniambia baadaye kwamba haikumjia kabisa akilini kuwa wamemfuata yeye. Alidhani wanamngojea amalize ili waichukue mashine ikiwa nzima.

Alinipigia mimi kwa sababu ninajua Kiingereza na kwa sababu watu wetu wananiita Mwalimu, jina ambalo humfanya mtu aaminiwe hata kwa mambo asiyoyasomea. Nilipofika kituoni, kituo kimoja cha upande ule ambacho hakina haja ya kutajwa, nilimkuta kwenye benchi, mtulivu, akimweleza askari kijana, kwa ishara na Kizulu chake cha kuungaunga, kwa nini redio yake ya mkononi inakoroma. Sajenti wa zamu alikuwa mama wa makamo, amechoka, lakini hakuwa mkali. Aliniambia kuna njia mbili. Fundi anaweza kukiri kosa kwa maandishi, alipe faini, aende nyumbani saa hiyo hiyo. Au akatae, angoje hakimu Jumatatu.

Nikamfasiria. Fundi akafikiri. Jumapili ile binti yake mdogo alikuwa anabatizwa, na gauni jeupe lilikwisha nunuliwa.

"Sasa hii ni amende tu?" akaniuliza, akiiita faini kwa Kifaransa cha kwetu.

"Ni amende tu, Fundi."

"Nikilipa, dossier ya kesi inafungwa?"

"Inafungwa."

Nimelisema neno hilo mara elfu tangu siku ile, peke yangu, nikijaribu kulisikia jinsi yeye alivyolisikia. Inafungwa. Sikuwa namdanganya. Kwetu Kongo, polisi akikukamata kwa jambo dogo, unalipa amende, unapewa risiti au hupewi, mnaagana, na kesho hakuna anayekumbuka. Malipo ndiyo mwisho wa kesi. Sikujua kwamba hapa malipo yale ndiyo hukumu yenyewe, kwamba anayesaini karatasi ile mbele ya sajenti ni sawa na aliyesimama mahakamani akasema nina hatia, na kwamba jina lake linaingia kwenye kitabu cha wenye makosa sawa na la aliyevunja nyumba ya mtu. Ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa upande wa pili wa karatasi, kwa herufi ndogo. Mimi nilisoma upande wa mbele.

Alisaini. Chini ya jina lake palikuwa na mahali pa mkalimani, nami nikasaini hapo. Kisha sajenti akachukua alama za vidole, na hapo ndipo sote tulipocheka kwa mara ya mwisho kuhusu jambo hili. Vidole vya fundi vilikuwa vimeungua na kulainika kwa miaka ya risasi ya kuunganishia waya. Sajenti alibonyeza dole gumba kwenye wino mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, likatoka doa tupu.

"Eish, baba, wewe huna vidole?"

"Niko navyo, mama. Vimechoka tu."

Mara ya nne vikashika. Tukatoka nje jua likiwa bado juu, fundi akanishika mkono akasema, "Aksanti, Mwalimu. Bila weye ningelala humu." Jumapili mtoto akabatizwa. Nilikula wali na kuku nyumbani kwao Cato Manor, nikasifiwa mbele ya wageni, na sifa zile nilizipokea.

Nani alipona kwa msako ule? Mashine zilipakiwa kwenye lori. Baada ya miezi michache nyingine zikaonekana mtaa wa pili, zina rangi mpya, na fundi mwingine. Mwenye duka sikumwona akifikishwa popote. Sitaki kusema polisi walikosea, kwa maana walikuta mashine haramu na mtu anayeitengeneza. Nasema tu kwamba sheria ina mkono mfupi kuliko inavyodhani. Inamfikia aliye karibu na mlango, anayepiga magoti, asiye na wakili na mwenye haraka ya kwenda nyumbani.

Miaka minne ilipita. Fundi akawa amekaa nchini muda wa kutosha kuomba makazi ya kudumu. Kwa wengine hiyo ni heshima, kwake ilikuwa njia ya kwenda kwa mama yake. Mkimbizi, kama mnavyojua wengi wenu, hawezi kwenda kwao hata kwa wiki moja, kwa maana akienda anahesabika amejirudisha mwenyewe, na ulinzi wake unakwisha. Mwenye makazi ya kudumu anakwenda na kurudi. Mama yake alikuwa Uvira, peke yake, na macho yalikuwa yanamfifia. Fundi alitaka amwone wakati mama bado anaweza kumwona yeye. Sikuwahi kumsikia akiomba jambo lingine lolote maishani mwake.

Maombi yale yanadai cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba huna kosa. Kilipofika, alikuja nacho kwangu Bluff ndani ya bahasha, hakukifungua, akakiweka mezani. "Soma, Mwalimu." Nikasoma. Kilikuwa na mstari mmoja: kosa, mahali, faini. Nikausoma tena nikidhani ni wa mtu mwingine. Nikamweleza.

Alikichukua cheti, akakirudisha ndani ya bahasha. Kisha akasema, "Kumbe haikufungwaka."

"Fundi, ni mimi. Ni mimi niliyekwambia."

"Hapana. Kalamu nilishika mimi."

Na huo ukawa msimamo wake mpaka alipokufa. Kanisani walipomuuliza mbona karatasi zake zinachelewa, alisema alisaini kitu bila kuuliza mtu. Mke wake mwenyewe alijua nilikuwa mkalimani siku ile, lakini hakuwahi kuambiwa kwamba ni mimi niliyesema kesi inafungwa. Nilikwenda naye kwa wakili wa kusaidia wakimbizi, akatueleza kwa upole kwamba kosa la namna hiyo linaweza kuombewa lifutwe, lakini lazima ipite miaka kumi tangu siku ya hukumu. Fundi akauliza kama siku ya hukumu ni ile Ijumaa. Wakili akasema ndiyo. Akahesabu kwa vidole vyake vile laini. Ilibaki sita.

Wakati akingoja aliishi kama kawaida, akatengeneza simu, akafunga vipaza sauti vya harusi zetu. Siku zile vijana walikuwa wanamletea simu awawekee makasino ya mtandaoni yasiyo na leseni, yale yanayohitaji ujanja kidogo ili yafunguke. Alikataa wote. Akawaeleza sheria, taratibu, na wakimwita mwoga alisema, "Sawa, mimi mwoga. Kaa hapa nikueleze mwoga alizaliwa wapi." Wachache walikaa. Najua wawili waliofuta michezo ile mbele yake.

Alipokufa alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili.

Kwenye kilio nilimwona yule mama wa mitumba ameketi na wanawake wengine, hasemi utani. Siku ya mazishi, mjane alinipa simu. Mama wa fundi alikuwa hewani kutoka Uvira, na kwa kuwa sasa haoni kabisa, alihitaji mtu wa kumweleza kinachotendeka. "Wewe ndiye mkalimani wetu, Mwalimu," mjane akaniambia. Basi nikamweleza. Nikamwambia sanduku ni la rangi ya kahawia. Nikamwambia watu ni wengi, wamejaa mpaka barabarani. Nikamwambia sasa wanashusha. Alikuwa akiitikia kila sentensi, "Eee. Eee, mwanangu." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeliweka swali lake kwa miaka mingi:

"Kwa nini hakukuyaka kuniona? Watoto wa wenzangu walikuya. Yeye kila mwaka, kazi hairuhusu, kazi hairuhusu. Nikamkosea nini?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hakuwahi kumwambia. Alimficha mama yake aibu ya kuandikwa mkosaji, na mama akaishi miaka yote hiyo akidhani mwanawe amemsahau. Watu walikuwa wanatupa udongo. Nikaenda pembeni, nikamweleza yote: mashine, bisibisi, gauni la ubatizo, sajenti, karatasi. Nikamwambia mwanao alitaka kuja kila siku ya maisha yake. Nikamwambia aliyesema dossier inafungwa ni mimi.

Halafu nikasikia analia, lakini kilio kile kilikuwa na kitu kingine ndani yake. "Kumbe alikuwa anataka kukuya," akasema. "Mi nilifikiri amenikataa. Asanti kunielezea." Nilitaka aniseme, anilaani hata. Hakufanya hivyo. Aliniuliza kama mimi ni mwalimu kweli. Nikasema nilifundisha zamani. "Basi, Mwalimu," akasema, "siku ingine, kama haujui, sema haujui."

Sina somo kubwa kuliko hilo, wapendwa wasomaji, na nimelitafuta wiki nzima. Wengi wenu ni wakalimani wa watu wengine bila kuajiriwa: kituoni, hospitalini, shuleni kwa mtoto wa jirani. Mnaitwa kwa sababu mnajua Kiingereza, na mnakwenda kwa upendo, kama nilivyokwenda mimi. Endeleeni kwenda. Tunahitajiana sana katika jiji hili, na wala sisemi muogope. Lakini kujua lugha ya karatasi si kujua karatasi inafanya nini. Mtu akiambiwa asaini ili aachiwe, muulizeni anayemwachia: saini hii itasema nini juu yake baada ya miaka mitano? Ombeni wakili wa bure, kwa maana wapo, na kuwaomba ni haki hata ya mkimbizi. Na ndugu yenu akiwatazama machoni akingoja jibu ambalo hamna, msimpe la kumtuliza. Mwambieni sijui. Neno hilo lingemlaza fundi kituoni siku tatu na kumkosesha ubatizo wa mwanawe. Kisha pengine hakimu angemsikiliza, na fundi angekwenda zake Uvira, akamkuta mama yake akiwa bado anaona.